Samaki Apandaye Mto: Uzazi wa Ningu

(Maneno ya Katibu mbele ya wanachama, Miembeni, Bukoba)



Katika sherehe hii ya miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, mengi yamekwisha semwa juu ya kahawa. Naomba ruhusa niseme juu ya samaki, kwa kuwa wengi wetu ni wakulima mchana na wavuvi usiku.

Wazee wetu wamjua ningu. Makao yake ni ziwani, lakini hazalii huko. Mvua kubwa zinyeshapo na mito ikafurika, ningu hukusanyika milangoni mwa mito, wakapanda Kagera na vijito vyake, hata wafike penye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Hapo jike humwaga mayai, maelfu kwa maelfu, na dume huyatia mbegu papo hapo majini. Ngege jike huatamia mayai yake kinywani, ningu huyaacha. Majani huwaficha wadogo na adui zao, na maji yapunguapo huteremka mtoni, kisha ziwani.

Basi tazameni hatari yake. Samaki huyu huja mahali pamoja, kwa majira yajulikanayo, tumbo limejaa mayai. Nyavu za kutega zilipoenea milangoni mwa mito, na zile za nailoni zilipofuata katika miaka ya 1950, ningu waliadimika. Kila jike aliyenaswa alikwenda na uzao wake wote. Leo ni miongoni mwa samaki walio katika hatari kubwa ya kutoweka.

Najua neno hili ni zito. Wakati wa masika kahawa haijaiva, mfuko ni mtupu, na watoto wataka kitoweo. Mimi mwenyewe nimekula ningu mwenye mayai, nikamsifu mpishi. Lakini nani kati yetu apikaye maharage aliyoyaweka kuwa mbegu?

Kagera huingia ziwani upande wa Uganda, kwa hiyo kijiji kimoja hakiwezi kumlinda ningu peke yake. Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria mwaka 1994. Lakini wakaao kando ya vijito ni sisi. Naomba kila chama cha msingi kikubaliane hivi: mvua zikianza, nyavu ziondolewe milangoni mwa mito yetu, mpaka mafuriko yapungue.

Ushirika wetu udumu.