Sukari ya Cuba Katika Anga za Juu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma)



Nimeombwa nizungumzie safari za wanaanga wa mataifa mbalimbali. Safari hizo ni nyingi, nami nimechagua moja tu, ile iliyoanza usiku wa tarehe 18 Septemba, 1980, roketi iliporuka kutoka Baikonur ikiwa imebeba chombo kiitwacho Soyuz 38. Ndani yake walikuwamo watu wawili: Yuri Romanenko wa Urusi ya Kisovieti, aliyekuwa kiongozi wa safari, na Arnaldo Tamayo Méndez wa Cuba. Siku ya pili yake walikifikia kituo cha angani Salyut 6, wakapokewa na Leonid Popov na Valery Ryumin, ambao walikuwa wakiishi humo tangu mwezi Aprili.

Huyo Tamayo ndiye mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika kufika katika anga za juu. Guion Bluford wa Marekani alimfuata miaka mitatu baadaye, mwezi Agosti 1983. Jambo hili halisemwi mara nyingi, hata katika vitabu vinavyopenda sana kuorodhesha watu wa kwanza.

Ndugu zangu, babu zetu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Afrika na kupelekwa Cuba, walipelekwa hasa kwa ajili ya mashamba ya miwa. Utumwa haukukomeshwa kisiwani humo mpaka mwaka 1886. Tamayo alizaliwa mwaka 1942, upande wa Guantánamo, mashariki ya nchi, mahali ambapo Marekani inayo kambi ya jeshi la wanamaji hata leo. Alifiwa na mama yake angali mtoto mchanga, akalelewa na jamaa. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alikuwa tayari akitafuta riziki kwa kung'arisha viatu vya watu. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1959 alipata nafasi ya kusomea ufundi wa ndege, na mwaka 1961 akapelekwa Urusi kujifunza urubani. Walimu watakumbuka mwaka huo kwa sababu nyingine. Ndio mwaka ambapo vijana wa Cuba wapatao 100,000 walitoka mijini kwenda vijijini kufundisha kusoma na kuandika, na watu wazima zaidi ya 700,000 wakafuta ujinga.

Sasa nije kwenye lawama, maana zipo, na hapana budi tuzitazame bila woga. Kati ya mwaka 1978 na 1981, chini ya mpango wa Interkosmos, Warusi walichukua wageni tisa katika safari za kwenda Salyut 6: kutoka Chekoslovakia, Poland, Ujerumani Mashariki, Bulgaria, Hungaria, Vietnam, Cuba, Mongolia na Romania. Wote walikuwa raia wa nchi rafiki, na kila mara kiongozi wa chombo alikuwa Mrusi. Wakosoaji walisema kwamba wageni hao walikuwa abiria tu, waliopandishwa ili bendera ipigwe picha. Ulikuwapo hata utani kwamba mgeni wa kwanza, Vladimír Remek, alirudi duniani na mkono mwekundu, kwa kuwa kila aliponyosha mkono kugusa kifaa, wenyeji wake waliupiga kofi!

Utani huo una chembe ya ukweli. Dola kubwa haitoi kiti bure, na sifa iliyopatikana iliwarudia wenye roketi. Lakini wanaowaita abiria wanasahau kwamba hatari haikubagua mgeni na mwenyeji. Mwezi Aprili 1979 injini kuu ya chombo alichopanda Georgi Ivanov wa Bulgaria pamoja na Nikolai Rukavishnikov iliharibika karibu na kituo, wakalazimika kurudi kwa njia ya hatari bila kufika.

Tena wanasahau kutazama mizigo. Mimi huipima safari ya Tamayo kwa kile alichokibeba. Wakati ule sukari ndiyo iliyokuwa ikiiletea Cuba sehemu kubwa ya fedha za kigeni, na wataalamu wa Cuba walitaka kujua fuwele ya sukari hukua namna gani hasa. Hapa duniani jambo hili ni gumu kulichunguza. Fuwele inapokua, maji matamu yanayoizunguka hubadilika uzito, mengine hupanda na mengine hushuka, na mikondo hiyo huvuruga ukuaji wenyewe; fuwele nayo huzama chini. Ndani ya kituo kinachoizunguka dunia vitu huelea, mikondo hiyo karibu hutoweka, na ukuaji huweza kutazamwa ukiwa peke yake. Basi sukari ilipelekwa huko juu, mikononi mwa mtu ambaye rangi yake ndiyo iliyowatia watu utumwani kwa ajili ya sukari hiyohiyo. Kiti kilikuwa cha Warusi, lakini swali lilikuwa la Wacuba.

Majaribio mengine yalihusu mwili wa binadamu. Tamayo alivaa kwa saa sita kila siku viatu maalumu vilivyobana unyayo, ili ijulikane kama mguu ukionja mgandamizo mfano wa kukanyaga ardhi, mwili utazoea upesi zaidi hali ya kuelea. (Aliyewahi kung'arisha viatu vya wengine alitengenezewa vyake!)

Walitua tarehe 26 Septemba, usiku, baada ya kuizunguka dunia mara 124. Tamayo alitunukiwa cheo cha Shujaa wa Jamhuri ya Cuba, wa kwanza kukipata, na baadaye akawa mbunge wa Guantánamo. Kituo cha Salyut 6 kiliangushwa mwaka 1982, na Urusi ya Kisovieti yenyewe ilivunjika mwaka 1991. Cuba haijapeleka mtu mwingine. José Armando López Falcón, aliyefunzwa pamoja na Tamayo tangu 1978 awe tayari kushika nafasi yake, hakuruka kamwe.