MAPUMZIKO NAYO YANA DAFTARI LAKE
Maneno ya Mweka Hazina wa kikundi katika sherehe ya kutimiza miaka 10, Hedaru



Hesabu za mwaka nimeshazisoma asubuhi, kwa hiyo msiogope, sirudii tena. Mwenyekiti ameniomba niseme kidogo juu ya ule mfuko wetu wa tatu, mfuko wa mapumziko, kwa sababu maneno yamekuwa mengi. Yapo ya sokoni, yapo ya kisimani, na mengine nimeyasikia nyumbani kwangu mwenyewe. Mfuko wa hisa hakuna anayeuuliza. Mfuko wa jamii hakuna anayeuuliza, maana kila mtu anajua atauguliwa siku moja. Lakini huu wa mapumziko, watu wanasema, hawa wanawake wa Hedaru wametajirika lini hata waende kukaa bure mlimani siku tatu?

Naomba nianzie mbali kidogo, kisha nitarudi hapa hapa.

Wengi wetu tuna ndugu Ndungu, upande ule wa pili wa mlima. Mnaijua ile skimu ya mpunga, karibu hekta 680, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980. Aliyewahi kupandikiza mpunga anajua mgongo unavyokuwa jioni. Unainama asubuhi, na kuinuka ni kwa taabu. Sasa hao Wajapani waliotujengea mifereji, wao wenyewe ni wakulima wa mpunga tangu zamani, na mgongo wao uliuma kama wetu. Walifanyaje?

Binti yangu ni muuguzi, ndiye aliyenisomea habari hizi. Huko Japani ardhi inatoa maji ya moto katika maelfu ya mahali, na theluthi mbili ya nchi ni msitu, kwa hiyo chemchemi nyingi ziko milimani katikati ya miti. Tangu enzi za mababu, mkulima akimaliza kupanda au kuvuna, alifunga mchele wake na viungo vyake akapanda mlimani kwenye maji hayo. Hakwenda kama tajiri. Alikodi chumba kidogo, akapika mwenyewe, akaoga, akalala, akaoga tena. Mzunguko mmoja ulikuwa siku 7, na wengine walikaa mizunguko mitatu, yaani siku 21. Desturi hiyo wanaiita toji. Niliposikia neno mzunguko nikacheka, nikasema kumbe hawa ni wanakikundi wenzetu.

Kuna mahali panaitwa Sukayu, katika mkoa wa Aomori, kaskazini ya kisiwa kikubwa cha Honshu. Ni nyumba ya mbao katikati ya msitu wa mlimani, mahali ambapo mwaka 2013 theluji ililala hadi sentimita 566, zaidi ya urefu wa watu watatu waliosimama begani. Ndani kuna bafu kubwa la mbao ambalo wanaume na wanawake waliingia pamoja, ndiyo mila yao ya zamani, msiniangalie hivyo. (Kicheko) Lakini ilibidi itengwe saa moja asubuhi na saa moja usiku, wanawake peke yao. Jambo hilo nilikaa nalo sana. Maji yalikuwepo, msitu ulikuwepo, nyumba ilikuwepo, ila mwanamke hakuweza kutulia mpaka awekewe saa yake, iandikwe mlangoni.

Sasa turudi kwetu.

Mwaka 2019, kikundi kikiwa na miaka minne, tulisema na sisi twende tukaoge maji ya moto. Tulichagua Chemka, kule Hai, upande wa Boma Ng'ombe. Tulikwenda siku ya Nane Nane. Walioenda mnakumbuka. Usiku wa kuamkia safari hakuna aliyelala, tulikuwa tunapika pilau na makande, tunakaanga mandazi, tunafunga vyombo. Saa kumi na moja alfajiri tuko ndani ya kosta, na masufuria juu ya magoti. Tulipofika, maji ni mazuri jamani, maangavu mpaka unaona mchanga chini, na mizizi ya miti imeingia ndani ya maji kama mikono. Wala si ya kuchemka kama jina linavyodanganya, ni ya vuguvugu tu. Lakini ilikuwa sikukuu. Vijana wamejaa, wanaruka na kamba, muziki unapiga. Akina mama wa Hedaru tukasimama ukingoni na khanga zetu, tukalowesha miguu. Wawili tu ndio waliozama. Mchana tukapakua chakula, tukaosha vyombo, tukapanda gari, saa tatu usiku tuko Hedaru, na watoto wanatuuliza mama, tunakula nini.

Si kosa la Chemka. Kosa lilikuwa letu. Tulihamisha jiko kutoka Hedaru kwenda Hai, tukalirudisha siku ile ile. Na nauli tulilipa.

Baada ya hapo jambo likafa. Wengine wakasema, tena kwa haki, Hedaru hii yenyewe ni maji moto, nani anahitaji kufuata mengine? Nasikia sheria ya Japani ya mwaka 1948 inahesabu kuwa chemchemi ya moto maji yoyote yanayotoka ardhini yakiwa na nyuzi 25 au zaidi. Kwa kipimo hicho hata tangi langu la maji mwezi wa pili lingeandikishwa. (Kicheko)

Halafu ukaja mwaka 2021. Mwenzetu mmoja, simtaji jina, yupo hapa na ameniruhusu nisimulie, alianguka barabarani na beseni la ndizi kichwani. Wengine walidhani ni jua. Ilikuwa presha. Kumbe kwa miezi alikuwa anaamka saa kumi usiku, maji, kuni, uji wa watoto, kupokea mzigo kutoka mlimani, kukimbilia mabasi, jioni shamba, usiku kushona. Daktari alimpa vidonge, na kwenye karatasi akaandika pia neno moja, apumzike. Vidonge tulivinunua. Hilo neno lingine tulizunguka nalo, hakuna duka la dawa linaloliuza. Alikaa wiki tatu bila kuuza kitu, akakopa mfuko wa jamii, na hisa zake zikasimama miezi minne. Nimeandika mimi kwa mkono wangu kwenye kitabu chake, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.

Ndipo tulipokaa chini ya mwembe na kuzungumza kama watu wazima. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, naomba mjue hilo. Mweka hazina hapendi fedha itoke bila kurudi. Na mama yetu mmoja, mkubwa kuliko wote katika kikundi, alisema yeye atapumzika kaburini, asisumbuliwe.

Lililonigeuza ni hesabu. Kila mmoja wetu akiweka shilingi 1,000 kwa wiki, mwaka ni 52,000. Sisi ni 27, jumla 1,404,000. Haitoshi kupeleka watu 27 kwa fahari, lakini inatosha kuwapeleka kwa unyenyekevu, na si wote kwa pamoja. Tukagawanyika zamu tatu, kila zamu watu 9. Wakiondoka 9, wanabaki 18. Kila nyumba ya aliyeondoka inapata wenzake wawili wa kuiangalia, mmoja jikoni na kwa watoto, mmoja kwenye biashara. Akina baba mliopo hapa ni mashahidi kama kuna aliyelala njaa. (Vigelegele) Na kwenye katiba tuliandika mambo matatu tu: hakuna kupika, hakuna kurudi siku ile ile, na hakuna kubeba mzigo wa kuuza. Hilo la mwisho liliongezwa baada ya mtu kuuliza kama anaweza kupakia dagaa.

Zamu ya kwanza ilikwenda Mbaga mwaka 2022. Kutoka hapa hadi Same, halafu gari ya kupanda mlima kupitia Mwembe. Mkijapani anakimbia baridi na kufuata maji ya moto, sisi watu wa tambarare tunakimbia joto na kufuata ukungu. Tulilala nyumba ya wageni ya kawaida, mablanketi mawili mawili. Siku ya pili tulilipia kibali, tukapewa kiongozi, tukaingia ukingoni mwa msitu wa Chome, ule unaobeba kilele cha Shengena, mita 2,462, kirefu kuliko vyote Upare. Nimezaliwa Upare, nina wajukuu, na nilikuwa sijawahi kuingia humo. Kuna mikulo mikubwa, na magogo ya mingine iliyokatwa zamani bado yanaonekana. Kuna ndege mdogo wa manjano na kijani, ana duara jeupe kuzunguka jicho, kiongozi akatuambia hapatikani popote duniani isipokuwa milima hii yetu ya kusini. Na kuna maji, yanachuruzika kila mahali chini ya majani. Vijito vingi vinavyojaza ndiva zetu vinaanzia humo. Sisi ambao tunapanga foleni na ndoo tulikaa tunayasikiliza tu, hakuna mwenye ndoo.

Yule mama wa kaburini alikuwa zamu hiyo. Asubuhi ya kwanza aliamka saa kumi, akakaa kitandani na khanga yake, akauliza, nani anachemsha chai? Nikamwambia, mama, kuna mtu. Akauliza tena. Nikamjibu tena. Akalala mpaka saa tatu. Alipoamka alikuwa analia, na hakusema kwa nini, na hatukumuuliza.

Sitawadanganya kwamba yote yalikwenda sawa. Mwenzetu mmoja alirudi siku ya pili kwa sababu mtoto alipata homa. Zamu ya pili walinyeshewa siku zote tatu na hawakuona mti hata mmoja, wakalala tu, nao wanasema hiyo ndiyo ilikuwa zamu bora. Wanachama wawili walijitoa katika kikundi kwa sababu ya hii 1,000 ya wiki, na wao nawaelewa, 1,000 ni unga.

Wajapani wamelipima jambo hili. Mwaka 1982 idara yao ya misitu ililipa jina, kuoga msitu. Na mwaka 2008 watafiti wa chuo kimoja cha tiba huko Tokyo walichapisha habari za wauguzi wanawake 13 waliopelekwa msituni siku 3, usiku 2, kama sisi kabisa. Walipima damu yao, wakakuta chembe za kinga zimepata nguvu, na nguvu hiyo ilidumu zaidi ya siku 7 baada ya kurudi kazini. Binti yangu amenionya kwamba watu 13 ni wachache, nisitangaze dawa. Sitangazi. Mwenye presha aendelee na vidonge vyake.

Sasa niseme lililonisimamisha hapa. Kuna pendekezo litakalopigiwa kura mkutano mkuu wa Novemba, kwamba mfuko wa mapumziko uunganishwe na mfuko wa mikopo. Waliolileta si wabaya, ni wenzetu, na hoja yao ni ya fedha, kwa hiyo nawajibu kwa fedha. Hiyo 1,404,000 ikikopeshwa kwa riba yetu ya asilimia 5 kwa mwezi, kwa miezi mitatu, inazaa 210,600. Tugawane 27, kila mmoja 7,800. Hiyo ndiyo bei ya siku zetu tatu. Mwenzetu yule wa beseni alipoanguka, alipoteza zaidi ya hiyo kwa wiki moja.

Na kuna jambo la pili, hili si la hesabu. Zamu ya kwanza na ya pili zimekwenda mwaka huu. Zamu ya tatu bado. Ni watu 9, wamelipa sawa na sisi kila wiki, na wakati sisi tuko mlimani wao ndio waliosonga ugali kwenye nyumba zetu. Mmoja wao alilala nyumbani kwangu siku zote tatu, mume wangu ni shahidi. Tukiunganisha mfuko Novemba, tutakuwa tumekula zamu zetu na kufunga sanduku.

Sanduku lina kufuli tatu, na ufunguo mmoja ninao mimi. Majina ya zamu ya tatu nimeyabandika ndani ya kifuniko chake, kila mwenye kufungua ayaone. Gari limeshaulizwa. Kama kura itaruhusu, wataondoka wiki ya kwanza ya Desemba, na nyumba zao 9 zinahitaji watu 18. Mimi nimeshajiandika jikoni, kwa mama mwenye watoto sita. Karatasi ya majina iko kwa Katibu, pale mlangoni, na kalamu ipo.

(Vigelegele)