Kinywa cha mgonjwa wa kansere

Tunalipia mgonjwa safari na dawa ya kansere, kisha anaacha matibabu katikati juu ya kinywa. Dawa ile inaua chembe zinazokua mbio, na ngozi ya ndani ya kinywa inakua mbio pia. Siku 5 mpaka 10 kisha dawa, vidonda vinatokea, hata uji haupite. Kwa kawaida vinapona katika wiki 2 ao 3, lakini nani alimwambia?

Watafiti wanapima mate: mna protini kama interlekini-6 zinazoweza kupanda wakati kinywa kinawaka. Wanatafuta kujua mapema nani ataumia sana. Ni muzuri, mate hayaombe sindano. Lakini bado ni utafiti. Mtu asiwauzie kipimo hicho leo.

Sisi tuna chumvi na bikarbonati: kijiko kidogo kimoja-kimoja katika litri 1 ya maji safi, kusukutua mara nyingi, bila kumeza. Pili-pili, pombe, sigara, hapana. Homa ikipanda, mumupeleke hospitali siku ileile.

Wafadhili, katika bajeti muweke pia chakula laini na mahali pa kulala kwa hizo wiki. Anayerudi kijijini na vidonda, mara nyingi hatumuoni tena kwa dozi inayofuata.