Mununga wa Nyuma ya Bwalo

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Nimepewa dakika kumi, nami nitazitumia zote kwa ajili ya mti mmoja. Katika ajenda ya leo limo pendekezo la kuukata mununga ulio nyuma ya bwalo ili pawe mahali pa kuegesha magari. Tumeelezwa kwamba mti umezeeka na hauzai tena. Kutozaa ni kweli. Kuzeeka, nakataa.

Tuliokuwa hapa kati ya 1994 na 1997 twakumbuka jinsi ardhi pale ilivyokuwa nyekundu kwa matunda, na hondohondo wakigombana juu hata sala ya chakula isisikike. Sisi wa zamu ya kufagia hatukuupenda hata kidogo.

Mununga ni jina la Kikuyu. Wamaasai huuita olmukuna, na wataalamu huuita Ekebergia capensis, jina la kumkumbuka Ekeberg, nahodha wa Uswidi, lililotolewa mwaka 1779. Waingereza waliufananisha na mti wa kwao uitwao eshi kwa sababu ya jani lake, lenye vijani vinavyoelekeana viwili viwili, lakini miti hiyo haina undugu. Jamaa zake ni mkangazi na mwarobaini.

Mwaka 2006, nilipoanza kazi serikalini, nilipanda mmoja nyumbani. Ulikua upesi, karibu mita moja kwa mwaka. Hatimaye ukachanua maua meupe yenye harufu nzuri, nyuki wakajaa, lakini tunda sikuliona. Mke wangu akasema niliuziwa mti mbovu. Nikamwuliza afisa mmoja wa misitu, naye akacheka sana: mununga una dume na jike, kila mmoja mti wake, na wangu ni dume.

Hapo ndipo nikaukumbuka ule wa pili wa hapa shuleni, uliokuwa kando ya kijito, uliokatwa tangi la maji lilipojengwa. Ule haukuzaa hata siku moja, wala hatukujiuliza kwa nini. Mabwana, mununga wetu si tasa. Ni mjane.

Naomba basi tuupandie wenzake katika uwanja wa chini, ambao hautumiki. Miche 8 yatosha. Mmoja hautoshi, kwa kuwa dume na jike havijulikani mpaka mti uchanue. Wala tusipande 200 kwa siku moja halafu twende zetu. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ili ipande miti, nami nilichimba mashimo pamoja na wenzangu wa ofisini. Niliporudi Februari kuitazama, mbuzi walikuwa wamenitangulia.

Mununga wataka nafasi. Msituni hufika mita 30, na penye uwazi hutandaza matawi kama mwavuli. Kwa hiyo tuache hatua 15 kati ya mti na mti, na zaidi ya hizo kutoka kwenye majengo na mabomba. Tuweke samadi iliyooza shimoni na nyasi kavu juu, mbali kidogo na shina. Maji yahitajika kila kiangazi kwa miaka miwili ya kwanza, na penye baridi kali miche ifunikwe usiku, maana sakitu huua michanga. Kazi hii vijana wa shule wataiweza, mradi kila mche uwe na mwenyewe.

Kuhusu magari, sisi huja hapa siku moja kwa mwaka.

Miche imo ndani ya gari langu, ambalo nimeliegesha kivulini mwa mununga huohuo. Bwana Mwenyekiti, naomba kura ipigwe kabla ya chakula.