Hotuba juu ya Maradhi ya Mafindofindo



Leo nataka kusema nanyi juu ya maradhi ya koo yaitwayo mafindofindo. Pengine mtu atasema, "Koo likiuma, hilo ni jambo la kuitia baraza?" Naam, ni jambo la baraza. Maradhi haya yakipuuzwa huweza kuharibu moyo wa mtoto kwa maisha yake yote. Na yakitibiwa kwa wembe huweza kumwua kwa siku chache.

Kwanza yatupasa kujua mahali penyewe. Mtoto akipanua kinywa penye mwanga, mtaona nyuma ya ulimi, kulia na kushoto, tezi mbili. Kazi yake ni kama ya askari wa zamu mlangoni, kupambana na vijidudu vinavyoingia kwa kinywa na pua. Zikishindwa huvimba, ndipo husemwa kuwa mtoto ana mafindofindo. Katikati huning'inia kinyama kidogo, nacho ndicho kimeo.

Maradhi haya ni ya namna mbili. Namna ya kwanza, nayo ndiyo iliyo nyingi, huletwa na virusi. Mtoto huwa na mafua, kikohozi na sauti ya kukwaruza. Huyu hupona mwenyewe kwa muda wa juma moja hivi. Namna ya pili huletwa na bakteria waitwao streptokoki, na huwashika hasa watoto wa miaka 5 hadi 15. Huanza ghafula: homa kali, maumivu wakati wa kumeza, tezi nyekundu zenye madoa meupe ya usaha, na uvimbe wenye kuuma shingoni chini ya taya. Kwa kawaida hapana kikohozi wala mafua. Mkiona dalili hizi, mpelekeni mtoto zahanati bila kukawia.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu mwili ukipigana na bakteria hao, mara nyingine hukosea shabaha ukaushambulia moyo. Majuma mawili au matatu baada ya koo kupona, mtoto hushikwa na homa ya baridi yabisi; leo goti limevimba, kesho kiwiko. Viungo hupona, lakini milango ya moyo huweza kubaki na makovu. Miaka ikipita, kijana huyo hawezi kupanda kilima bila kutweta. Katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, milango hiyo hutengenezwa kwa upasuaji. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dawa ya kuziba ufa huo ni penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming huko London mwaka 1928. Hutolewa kwa vidonge vya siku 10, au kwa sindano moja. Ikianza kutumiwa kabla ya siku 9 kupita tangu koo kuanza kuuma, huukinga moyo. Lakini hapa wazazi wengi hukosea: mtoto akichangamka siku ya tatu, vidonge vilivyobaki huwekwa kabatini kwa ajili ya mwingine. Msifanye hivyo. Homa imekwisha, lakini adui bado yumo. Na kama dawa hiyo iliwahi kumtoa mtoto vipele au uvimbe, mwambieni mganga mapema, naye atampa nyingine.

Nyumbani, mpeni mtoto maji mengi, uji mwepesi na mapumziko. Aliye mkubwa asukutue koo kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika bilauri moja. Parasetamoli hupunguza homa na maumivu. Aspirini msimpe mtoto. Kikombe chake kisitumiwe na wenzake.

Sasa nije kwenye kimeo. Mtoto akikohoa, akitapika au akikonda, wako wasemao kuwa kimeo kimekuwa kirefu, wakamwita mkataji. Ndugu zangu, kimeo hakina kosa. Kukikata hakuondoi bakteria hata mmoja, bali huleta kutoka damu nyingi, pepopunda, na hata Ukimwi kwa wembe uliopita vinywani mwa wengi. Ikiwa mafindofindo yenyewe hurudi mara kwa mara, kama mara 7 kwa mwaka mmoja, daktari wa hospitali ataangalia kama yafaa kuyaondoa. Kazi hiyo hufanywa katika chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi.

Mwisho, ziko dalili zisizongoja asubuhi: mtoto anayehema kwa shida au kwa kukoroma, anayeshindwa kumeza hata mate yake, au asiyeweza kufunua kinywa. Huyo msimbonyeze ulimi ili kumtazama; mkimbizeni hospitali usiku ule ule.

Basi, wazazi wenzangu, mtoto akilia koo, mtazameni, mpelekeni, na dawa aimalize. Wembe na ukae kwenye nywele.