Lori Kuukuu na Moshi: Kuziba Kifaa au Kutafuta Ugonjwa?

Mazungumzo na wenye malori, madereva na mafundi



Kuna ushauri unaotolewa kila siku gerejini. Lori la miaka kumi na tano limeishiwa nguvu mlimani, linakunywa dizeli, na taa ya injini imewaka. Fundi anafungua valvu ya EGR, anaikuta imejaa masizi, kisha anasema: "Tuizibe kwa kibati, tumalize." Kwa mwenye lori anayedaiwa na benki, maneno hayo ni matamu.

Na fundi hasemi uongo mtupu. Valvu hiyo hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili moto usiwe mkali mno, kwani joto kali ndilo linalozalisha gesi za naitrojeni zinazodhuru mapafu. Moshi huo huacha masizi, na masizi huziba njia. Ikizibwa, lori huenda likachangamka kwa muda.

Lakini masizi mengi hivyo yametoka wapi? Mara nyingi ni nozo zinazovuja, kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, au mpira wa turbo uliopasuka. Kibati hakitibu hata kimoja. Nozo itaendelea kumwaga, dizeli isiyoungua itaosha oili kwenye silinda, na mwisho wake ni kufungua injini nzima. Lori lenye kompyuta nalo hugundua valvu haifanyi kazi, likapunguza nguvu. Hapo mwenyewe analipa tena mtu wa kuidanganya kompyuta.

Kichujio cha masizi cha ekzosi nacho hukatwa, bomba tupu likachomelewa mahali pake. Kichujio hicho hujisafisha kikipata joto la nyuzi 600 hivi, yaani lori likienda safari ndefu bila kusimamasimama. La kubeba mchanga mjini halipati joto hilo, kwa hivyo lipewe safari au kichujio kisafishwe gerejini. Kisingizio cha dizeli mbaya kimepungua uzito: tangu 2015 kiwango cha salfa nchini kilishushwa kutoka sehemu 500 hadi 50 kwa milioni.

Moshi wa dizeli husababisha saratani. Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, lilitangaza hivyo mwaka wa 2012. Wanaouvuta ni dereva na taniboi wake, mama mboga wa kando ya barabara, na watoto wanaotembea kwenda shule. Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka wa 2014 pia ziliweka kikomo cha moshi wa magari.

Basi kabla ya kulipia kibati, mwenye lori amwambie fundi apime nozo, abadilishe kichujio cha hewa, akague mipira ya turbo, kisha aisafishe valvu.

Na lori lisilo na vifaa hivyo tangu kiwandani? Hilo halina cha kuzibwa. Likitoa moshi mweusi, fundi aanzie papo hapo kwenye nozo.