Matibabu ya Ufuatiliaji kwa Abiria wa Pikipiki Wanaojeruhiwa Ajalini: Kasulu na Kibondo

(Mazungumzo kwa watumishi wa umma na wananchi)



Katika wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, vijiji vingi vimetawanyika juu ya vilima, na njia zake za udongo huteleza nyakati za mvua. Mahali kama hapo pikipiki ndiyo miguu ya wananchi. Kanuni zilizotolewa mwaka 2010 ziliitambua bodaboda kuwa chombo cha kuchukua abiria kwa malipo, na leo mama mjamzito, mwanafunzi na mwalimu wote huitegemea. Inapotokea ajali, abiria hupelekwa hospitali, hufungwa jeraha, kisha hurejeshwa nyumbani. Wengi hudhani kwamba matibabu yamekwisha. Ukweli ni kwamba ndiyo kwanza yameanza.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufariki kila mwaka kwa ajali za barabarani, na wengine kati ya milioni 20 na milioni 50 hujeruhiwa na kubaki hai. Mazungumzo haya yanawahusu hao waliobaki hai.

Majeraha ya abiria yana namna yake. Mguu huungua kwa kugusa bomba la moshi. Kisigino cha mtoto hunaswa katika spoku. Kitenge cha mama aliyekaa upande hujisokota gurudumuni na kumwangusha. Muundi huvunjika pikipiki inapomlalia mtu, na asiyevaa kofia ngumu huumia kichwa.

Mambo yafuatayo yazingatiwe na majeruhi pamoja na jamaa zake:

Kwanza, mguu uliofungwa plasta ngumu uangaliwe kwa makini siku mbili za mwanzo. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, mgonjwa arudishwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi isingojwe, kwani kuchelewa kwaweza kumpotezea mguu.

Pili, siku ya kupigwa eksirei ya marudio isikosekane. Mfupa uliohama huweza kurekebishwa kwa urahisi zaidi kabla haujaunga. Muundi wa mtu mzima kwa kawaida huhitaji miezi mitatu hadi minne. Anayeikata plasta mwenyewe ili awahi shambani huweza kubaki na mguu mfupi au uliopinda maisha yake yote.

Tatu, ambaye hajakamilisha chanjo ya pepopunda arudi kwa dozi ya pili baada ya wiki nne.

Nne, aliyeumia kichwa akianza kutapika, kusinzia kupita kiasi au kuchanganyikiwa, hata kama juzi alionekana mzima, apelekwe hospitali bila kukawia.

Tano, kovu la moto karibu na kifundo cha mguu hukaza na kuzuia mwendo. Mazoezi ya viungo yaliyoelekezwa na mtaalamu yafuatwe mpaka mwisho.

Kinachowazuia wengi kurudi ni nauli. Kutoka kijijini hadi Hospitali ya Wilaya ya Kibondo, au Hospitali ya Kabanga kule Kasulu, ni safari ya gharama. Wanaopewa rufaa kwenda Maweni mjini Kigoma, Bugando jijini Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, gharama huwa kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo, haki ya abiria ilindwe tangu siku ya ajali. Aliye hatarini atibiwe kwanza. Kisha jamaa wafuatilie fomu ya polisi ya PF3, waandike namba ya pikipiki, na watunze kadi na stakabadhi zote. Sheria inamlazimu mwenye chombo kuwa na bima dhidi ya madhara kwa watu wengine, na abiria aliyelipa nauli ni miongoni mwao. Wanaomaliza jambo kwa maelewano ya papo hapo, kwa fedha kidogo na bila maandishi, hujikuta hawana pa kudai mguu unapooza baada ya mwezi.

Mtumishi anayeumia akiwa safarini kikazi naye aarifu mwajiri wake mapema, ili taarifa ifikishwe kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Maofisa watendaji wa vijiji wanaombwa kuwajua majeruhi walioko katika maeneo yao na kuwakumbusha siku zao za kurudi. Wahudumu wa afya nao wanaombwa kumweleza kila mgonjwa, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kuitwa tena. Vyama vya madereva wa bodaboda vikikubali kumpeleka bila malipo abiria aliyeumia siku ya marudio, vitakuwa vimeokoa viungo vya watu wengi.

Ndugu wananchi, aliyenusurika ajalini asije akapata ulemavu kwa kukosa safari moja ya kurudi hospitali.